Kijana wa Kukamua Ng'ombe na Sindano ya Dada

Ukisema hapa chuoni kwamba kwenu ni Mwisenge, swali la kwanza ni lilelile: ile shule ya Mwalimu? Nami hujibu ndiyo, ileile, aliyoanza mtoto Kambarage mwaka 1934 akitokea Butiama akiwa na miaka 12. Sifa hiyo si yangu, ila naitumia. Nani anakataa ujiko wa bure?

Lakini leo, wasomi wenzangu, nina mtu mwingine wa kuwasimulia. Huyu hana undugu wowote na Musoma. Alizaliwa Chicago, Marekani, na alifariki mwaka 1978, mimi sijazaliwa na mama yangu hajaolewa. Jina lake ni Vincent du Vigneaud. Mwaka wa kwanza nililiandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu mbili, nikalisahau. Limenirudia usiku mmoja wa likizo ndefu, nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha leba.

Aliyekuwa ndani ni dada yangu mkubwa. Huyu ndiye aliyenisomesha. Anaanika dagaa ufukweni, anauza sokoni, na kila muhula kabla bumu halijaingia alikuwa ananitumia hela ya kula. Alikwenda kujifungua mtoto wa tatu kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mtoto alitoka salama, tukasikia analia, mama akaanza kushukuru. Baada ya muda nesi akatoka mbio, akarudi mbio. Dada alikuwa anatoka damu na damu haisimami.

Alishachomwa sindano ya oksitosini mara tu mtoto alipotoka, kama inavyotakiwa. Nesi akamsugua tumbo, akamwekea dripu, akampa na vidonge. Kizazi kikawa kinakaza kidogo, kinalegea tena. Ndipo aliposema jambo lililonikata maini: umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, friji haikuwa na betri, na dawa ilikuwa imekaa kwenye joto. Alihisi imechoka. Kuna mahali pengine, mwendo wa bodaboda, ambako angepata nyingine. Nikatumwa mimi.

Nilibeba chupa ya chai ya mama, safari hii imejaa barafu ya wauza samaki. Vichupa vitatu tulivifunga kwenye kitambaa visigusane na barafu. Kwenda na kurudi ilikuwa kama dakika 40. Sijawahi kuishi dakika ndefu kama zile. Alipochomwa ile ya pili, kizazi kikakaza na damu ikapungua. Alfajiri gari likampeleka hospitali kubwa akaongezewa damu. Dada yuko hai, anaanika dagaa mpaka leo.

Siwezi kuapa kwamba ile dawa ya kwanza ilikuwa imeharibika, wala kwamba ni ile ya pili peke yake iliyomwokoa. Nesi alifanya mambo mengi kwa mpigo. Ninachojua ni kwamba nilikuwa mwaka wa pili wa famasia, nimebeba dawa mkononi, na sikuwa naelewa kwa nini inaogopa joto, ilitoka wapi, wala nani aliihangaikia. Niliporudi chuoni nikaanza kumtafuta mwenyewe.

Du Vigneaud alizaliwa tarehe 18 Mei 1901. Baba yake alikuwa mbunifu wa mashine, na nyumbani hapakuwa na pesa za kuchezea. Mwaka 1918, akiwa anamaliza sekondari, vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimechukua vijana na mashamba yamebaki bila watu. Wanafunzi wakaruhusiwa kwenda kusaidia kazi. Yeye akapelekwa shamba moja jimboni Illinois, kazi yake kukamua ng'ombe kwa mkono. Aliipenda, hadi akafikiria awe mkulima moja kwa moja.

Hapo nilicheka peke yangu maktaba. Kwa bibi yangu, vijijini Bunda, nimekamua sana. Ukimwendea ng'ombe na kibuyu chako ukaanza kuvuta chuchu tu, utaambulia matone. Kwanza unamfungulia ndama anyonye kidogo. Ng'ombe akimsikia ndama wake, maziwa yanashuka, kiwele kinajaa. Unamvuta ndama pembeni, unamfunga, ndipo unakamua. Bibi hakuwahi kusikia neno homoni, lakini alijua kwamba maziwa yana mlango na ufunguo wake ni ndama.

Ufunguo huo ni oksitosini. Ndama akivuta chuchu, taarifa inapanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, ubongo unaachia homoni kwenye damu, homoni inafika kwenye kiwele na kuvibana vifuko vya maziwa. Kwa mama anayenyonyesha ni hivyohivyo. Yaani kijana huyu alikuwa anaishika kazi ya oksitosini kwa vidole vyake miaka 35 kabla hajaijua sura yake.

Aliyemtoa kwenye ng'ombe ni dada yake mkubwa, Beatrice. Ndiye aliyemshawishi aende chuo akasome uhandisi wa kemia. Nikaona, kumbe si mimi peke yangu. Akaingia Chuo Kikuu cha Illinois, ada ikawa shida, akafanya vibarua. Mojawapo ni kuhudumia mezani. Wale mnaouza vitumbua hosteli bumu likichelewa, huyo ni mwenzenu. Katika kazi hiyo ndipo alipokutana na Zella Zon Ford. Walioana Juni 1924, na ndoa hiyo ikadumu maisha yake yote.

Uhandisi aliuacha akahamia kemia yenyewe. Kilichomvuta moja kwa moja ni mhadhara kuhusu insulini, dawa ya kisukari iliyokuwa imegunduliwa Toronto, Kanada, miaka michache tu nyuma. Kitu kidogo kutoka kwenye kongosho kinamrudisha mtoto aliyekuwa anakufa! Alitaka kujua kitu hicho kimeumbwaje. Akaenda Chuo Kikuu cha Rochester, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1927 kwa kazi juu ya insulini. Alichokiona humo ni salfa. Insulini ina salfa ndani yake, na salfa hiyo inatoka kwenye amino asidi iitwayo sistini. Wengine wangeishia hapo. Yeye akaishika salfa kama mtu aliyeshika kamba gizani, akaifuata kila ilikompeleka, kwa miaka zaidi ya 40.

Ilimpeleka kwanza Baltimore, kisha Ulaya: Dresden, Edinburgh, London. Akarudi kufundisha Illinois. Mwaka 1932, akiwa na miaka 31, akawa mkuu wa idara ya baiokemia Chuo Kikuu cha George Washington, jijini Washington. Mwaka 1938 akahamia kitivo cha tiba cha Cornell, New York. Huko Washington ndiko alikoanza kuichunguza ile homoni ya uzazi.

Kabla yake mambo yalikuwa yamesimama hivi. Mwaka 1906, London, daktari Henry Dale alikuwa anachunguza ukungu wa nafaka uitwao ergoti, ambao wakunga wa Ulaya waliutumia tangu zamani kuharakisha uzazi. Katika majaribio yake alimpa paka maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya pituitari ya ng'ombe, tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo. Kizazi cha paka kikajikunja. Miaka mitatu baadaye William Blair-Bell wa Liverpool akaanza kuyatumia maji hayo kwa wanawake. Homoni ikapata jina lenye asili ya Kigiriki, maana yake uzazi wa haraka.

Haraka ikaleta balaa. Kipimo hakikujulikana sawasawa. Waganga wengi waliwachoma sindano hiyo wanawake wakiwa bado katikati ya uchungu, tena kwa wingi. Kizazi kilibana bila kupumzika, watoto wakakosa hewa, na vizazi vingine vikapasuka. Isitoshe, maji ya tezi yalikuwa mchanganyiko: ndani yake kulikuwa na homoni nyingine inayopandisha shinikizo la damu na kuzuia mkojo. Mwaka 1928 Oliver Kamm na wenzake, huko Marekani, walifaulu kuzitenganisha kwa kiasi. Lakini zile mbili zilikuwa nini hasa? Hakuna aliyejua.

Hapa niwasimulie jinsi homoni hii inavyofanya kazi, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekariri tu.

Oksitosini inatengenezwa kwenye sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, inatunzwa kwenye pituitari, na inaachiwa kwa mafungu mafungu. Miezi mingi ya ujauzito kizazi hakiisikilizi sana. Homoni ya projesteroni inakituliza, na vipokezi vya oksitosini, yaani masikio yake, bado ni vichache. Kadiri siku zinavyokaribia, masikio hayo yanaongezeka sana. Ndiyo maana kiasi kisichofanya kitu mwezi wa tano kinaweza kukikunja kizazi mwezi wa tisa.

Uchungu ukishaanza, kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa kizazi. Msukumo huo unapeleka taarifa kwenye ubongo, ubongo unaachia oksitosini zaidi, kizazi kinabana zaidi, kichwa kinasukuma zaidi. Mzunguko unajiongeza wenyewe mpaka mtoto atoke. Mambo mengi mwilini yanajirekebisha yakizidi. Hili linazidi kwa makusudi, na mwisho wake ni mtoto.

Halafu inakuja ile sehemu iliyotaka kumchukua dada. Kondo la nyuma likibanduka, mahali pake panabaki mishipa ya damu iko wazi. Haifungwi kwa uzi. Inafungwa na misuli ya kizazi chenyewe, ambayo imesukwa kuizunguka mishipa kama wavu. Misuli ikikaza, mishipa inabanwa. Ikilegea, damu inamwagika, na mama anaweza kufa ndani ya saa chache. Sindano ya yuniti 10 anayopewa mama mara mtoto anapotoka, ambayo Shirika la Afya Duniani linaishauri kwa kila mzazi, kazi yake ni hiyo: misuli isisinzie. Kumweka mtoto titini mapema nako kunamsaidia mama kutoa oksitosini yake mwenyewe. Wale shangazi wanaohimiza mtoto anyonye haraka, na mama akalalamika tumbo linamkata kila anaponyonyesha, wana hoja.

Sasa turudi kwa bwana wetu. Malighafi yake ilikuwa tezi za pituitari za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Ili kupata chembe ya homoni safi unahitaji tezi nyingi mno. Kazi ilienda polepole, na vita vikuu vya pili vikaisimamisha. Yeye na wenzake waliwekwa kwenye penisilini, dawa ambayo majeshi yaliihitaji kufa na kupona. Katikati ya hayo alikuwa pia ameshiriki kufumbua umbo la vitamini iitwayo biotini, ambayo nayo ina salfa. Kamba ileile.

Vita vilipokwisha akairudia oksitosini. Safari hii alikuwa na njia mpya ya kusafisha kemikali iliyobuniwa na Lyman Craig, na hatimaye akapata homoni safi. Akaivunja, akahesabu vipande vyake. Vilikuwa amino asidi tisa tu, ukizihesabu mbili zilizoshikana kwa salfa kuwa mbili. Insulini ina 51. Hii ilikuwa fupi kiasi cha kumtia mtu tamaa ya kujaribu kuiunda mwenyewe kwa mkono.

Kazi ikawa ni kujua zimepangwaje. Kwa ile salfa, sita kati ya hizo tisa zinafunga pete na tatu zinabaki nje kama mkia. Mwaka 1953 du Vigneaud alitangaza mpangilio wake, na mwaka huohuo Hans Tuppy wa Vienna naye akafika palepale kwa njia yake. Lakini kikosi cha New York kikaenda hatua ya mbele. Yeye na Charlotte Ressler, John Swan, Carleton Roberts, Panayotis Katsoyannis na Samuel Gordon wakaiunganisha oksitosini kipande kwa kipande kwenye maabara, bila tezi ya mnyama yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza duniani homoni ya aina hiyo kutengenezwa na binadamu.

Je, mwili utaikubali? Walipima kama anavyopima bibi. Mama aliyetoka kujifungua alipewa kwenye mshipa mikrogramu moja hivi, sehemu moja kati ya milioni ya gramu, na ndani ya nusu dakika maziwa yakashuka. Kwenye leba nako wataalamu hawakuweza kuitofautisha na ile ya asili. Kijana wa kukamua amerudi pale pale alipoanzia.

Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, peke yake. Alitengeneza pia ile homoni ya pili ya pituitari, vasopresini, ambayo inatofautiana na oksitosini kwa amino asidi mbili tu. Mbili tu, na moja inakuza uchungu huku nyingine inazuia mkojo! Mwaka 1967 alihamia Cornell ya Ithaca akaendelea na utafiti, hadi kiharusi kilipomsimamisha mwaka 1974. Alifariki tarehe 11 Desemba 1978, akiwa na miaka 77.

Ukisoma maisha yake haraka unaona ni hadithi ya ushindi. Mimi nimeisoma nikiwa na ile chupa ya chai kichwani, na kuna mambo mawili hayaniachi.

La kwanza ni hili. Oksitosini ikiwa kwenye maji ya sindano inaharibika taratibu kwa joto. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa nje huwezi kujua. Maji ni meupe vilevile, lebo ni ileile, na tarehe haijapita. Du Vigneaud aliitoa kwenye tezi akaiweka kwenye kichupa, lakini kichupa kinadai friji, na friji inadai umeme. Amino asidi tisa zimepitia kiwanda, meli, bohari na lori, na zinaweza kufia kilomita ya mwisho, Mwisenge.

Wapo walioendelea na kamba. Kuna ndugu yake oksitosini aitwaye kabetosini, na ipo aina yake inayovumilia joto. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti wa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, yakionyesha kwamba inazuia damu kwa kiwango kinachokaribiana na oksitosini. Mwaka uliofuata iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

La pili linahusu mizizi. Baadaye nilikuja kujua kwamba dada, kabla hajaenda kituoni, alikunywa dawa aliyopewa na mama mkwe ili uchungu uende haraka. Msicheke. Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, akiwa kazini Kongo, aliwaona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata kwa sababu hiyohiyo. Alipouchunguza alikuta kweli una kitu kinachokunja kizazi: nacho ni mnyororo wa amino asidi uliofungwa pete, tena kwa salfa. Kamba ileile, safari hii kwenye kikombe cha mama wa Kongo. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Shida yao ni ile ya madaktari wa enzi za Dale: kipimo hakijulikani. Mama akinywa kimyakimya, kisha akawekewa dripu ya uchungu na nesi asiyejua, kizazi kinaweza kubana hadi mtoto akose hewa au kipasuke. Mama mkwe hakumaanisha ubaya. Alikuwa na dawa bila kipimo, na kituo kilikuwa na kipimo bila dawa iliyo hai. Dada alikuwa katikati.

Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 za 2015/16. Ni hatua kubwa na wakunga wanastahili pongezi. Ila usiku ule nilijifunza kwamba aliyebaki ndani ya ile 104 ana jina, na pengine ana mdogo wake chuoni.

Mwaka wa tatu nilipokwenda mafunzo kwa vitendo, kwenye kituo kingine kabisa, kitu cha kwanza nilichoomba kuonyeshwa ni friji ya leba. Kulikuwa na kipimajoto na karatasi ya kuandika nyuzi asubuhi na jioni. Karatasi ilikuwa na nafasi wazi za siku nne. Sikumlaumu mtu. Niliomba kalamu, nikasoma kipimajoto, nikaandika 6. Jioni nikarudi, nikaandika tena. Wenzangu wa famasia, uuguzi na udaktari mnaokwenda fildi muhula huu, kazi hiyo haina alama na hakuna atakayewapigia makofi. Fanyeni. Mkikuta mama ameletwa, muulizeni kwa upole, bila kumfokea, kama kuna kitu amekunywa nyumbani.

Nilipomsimulia dada habari za Beatrice aliyemtoa mdogo wake kwenye ng'ombe akampeleka chuo, alinisikiliza huku anageuza dagaa. Kisha akaniuliza kama huyo Beatrice alilipwa fadhila zake. Nikamwambia vitabu havisemi. Akasema basi mimi nisije nikawa kama vitabu.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya famasia.